Mbona Pongwe Haimo?

Mwaka juzi nilimaliza kuandika riwaya. Usicheke. Ni madaftari manne makubwa, mwandiko wa mkono, kurasa 200 na ushee, na hadithi yenyewe inatokea Sinza, Dar es Salaam. Kuna mrembo, kuna tajiri mwenye gari jeusi, kuna bastola. Mimi Dar es Salaam nimefika mara mbili tu katika maisha yangu. Ukijumlisha siku zote ni tisa, na tano kati ya hizo nilizimaliza nikimwuguza mjomba.

Nikampa mshikaji wangu mmoja asome. Tumekua naye hapa hapa Pongwe, tumekaa dawati moja, tumefeli hesabu pamoja. Ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye akiazima kitabu anakirudisha, tena kimepigwa jalada la gazeti. Alikaa na madaftari wiki tatu. Aliponirudishia, nilikuta ameandika kwa penseli mahali pawili tu. Ukurasa wa 14: "Mbona Pongwe haimo?" Na chini kidogo: "Huyu jamaa akiamka asubuhi ananusa nini?"

Basi. Hakuna "hongera", hakuna "kazana". Nikamjibu maneno ambayo leo sitayaandika hapa. Tulinuniana miezi miwili, tunapishana barabarani kama watu wasiojuana, na siku alipoondoka kwenda Dar kutafuta kibarua alipanda basi la alfajiri bila kuniaga.

Nikabaki na hasira na penseli yake. Ndipo nikaamua kutafuta ushahidi wa kumshinda. Nilijiambia hivi: mkubwa wa waandishi wetu wote ni Shaaban Robert, na Shaaban Robert ni wa kwetu. Alizaliwa Vibambani, Machui, siku ya kwanza ya mwaka 1909, mahali ambapo mtu wa Pongwe mwenye baiskeli nzima anafika kabla ya chai haijapoa. Kama yeye hakuiandika Tanga, mimi ni nani hata nilazimishwe kuiandika Pongwe? Nikaanza kusoma upya vitabu nilivyovisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu. Makala hii ni matokeo ya kusoma huko, na mwenyewe sikutarajia yangekuwa haya.

Kwanza, nilipata ushahidi niliouhitaji. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi iliyo angani. Kufikirika, jina lenyewe linakwambia iko wapi. Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki, ni hadithi ya mtu anayeacha kazi ya mshahara mjini akaenda kulima Busutamu. Sasa Busutamu ni wapi? Nilimwuliza mwalimu mmoja mstaafu anayekaa karibu na kwetu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, hiyo ni busu na utamu." Naam. Kwa hiyo mtoto wa Vibambani, aliyeujua mkoko na mnazi na harufu ya ngalawa iliyoanikwa, alipotaka kuandika furaha ya mtu na ardhi yake alitunga jina la peremende.

Najua wazee watanikaripia kwa kusema hivyo, lakini nitasema. Utubora Mkulima ni kitabu kizuri, na lugha yake ni ya kumwonea mtu wivu. Hata hivyo mimi nikikifunga, ninaloondoka nalo ni utu wa Utubora, jembe lake silikumbuki. Namwamini anaposema amefurahi. Siioni siku ile mvua ilipochelewa na yeye akasimama mlangoni akitazama juu. Mashamba yake yanafundisha adili mno, na shamba ninalolijua mimi halifundishi kitu, linachosha mgongo halafu nguruwe pori wanakuja usiku. Furaha ya Busutamu haina vumbi. Na mahali pasipo na vumbi, kwa maoni yangu, hapawezi kutamaniwa na mtu aliye mbali, kwa sababu hana cha kukumbuka.

Hapo nikawa nimeshinda, ama sivyo? Ningeweza kumwandikia rafiki yangu na kumwambia kwamba bingwa mwenyewe alikimbilia angani, wacha na mimi nikimbilie Sinza.

Lakini haki lazima itendeke. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akiwa kijana wa miaka 17, akahamishiwa idara ya wanyama mwaka 1944, akarudi Tanga kwenye ofisi ya wilaya mwaka 1946, kisha ofisi ya upimaji ramani tangu 1952 mpaka 1960. Maisha yake yote ya kazi mshahara wake ulitoka mkononi mwa Mwingereza. Sasa mtu kama huyo anataka kuandika kwamba kuna nchi ambayo raia akitoa mawazo mapya anashtakiwa mbele ya mfalme, kama anavyoshtakiwa Karama katika Kusadikika. Aiweke wapi nchi hiyo? Aiandike Tanga, barabara fulani, ofisi fulani? Angekula jeuri yake na watoto wake wangelala njaa. Angani palikuwa na nafasi. Yeye alikuwa na sababu ya kuficha jina la mahali. Nikajiuliza, je, mimi nimemficha nani? Hakuna askari atakayekuja kugonga mlango kwa sababu nimeandika Pongwe. Ninachoogopa ni kuitwa mshamba na watu wa Sinza ambao hawatanisoma.

Halafu nikakumbuka kwamba shuleni ndiko tulikofundishwa kudharau mahali. Wewe uliyesoma fasihi ya kidato cha nne utanielewa. Tulipewa "fani na maudhui". Maudhui yalikuwa kurasa sita: dhamira, migogoro, falsafa, msimamo. Fani ilikuwa kurasa mbili, na ndani yake "mandhari" ilikuwa sentensi moja: "Mandhari ya kitabu hiki ni ya kijijini." Alama mbili, unapita. Kumbe nusu ya kitabu umeiacha hapo. Nadiriki kusema kwamba riwaya nyingi za vijana wenzangu ninazozisoma kwenye madaftari (na tunasomana sana, hapa Tanga tuna utajiri wa madaftari) zinatokea katika sentensi hiyo hiyo moja. Mandhari ya mjini. Mandhari ya kijijini. Mvua ikinyesha ni kwa sababu mtu amekufa.

Mambo yalinigeukia nilipofika kwenye vitabu viwili vya Shaaban Robert ambavyo hakuna anayeviita riwaya.

Cha kwanza ni Maisha Yangu, ambacho kwa mara ya kwanza kilitoka mwaka 1949 na siku hizi tunakisoma pamoja na Baada ya Miaka Hamsini. Humo hakuna nchi ya angani. Yumo mwanamume aliyefiwa na mke, jina lake Amina, akaachiwa watoto. Lugha yake bado imevaa kanzu na koti, hajui kuongea bila kufunga vifungo, lakini chini ya lile koti unasikia mtu anahema. Cha pili ni Barua za Shaaban Robert, barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu mwaka 1931 hadi 1958. Zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2002. Hebu fikiri, miaka 27 mtu anamwandikia ndugu yake, na ndugu anazitunza! Ulenge naye alikuwa mwandishi, ndiye mwenye Nguzo ya Maji. Kwa hiyo hizi ni barua za ndugu wawili wanaoandika, mmoja kahamishwa huku, mwingine yuko kule, wanapeana habari za nyumbani, za kazi, za miswada.

Nilizisoma usiku mmoja na nusu. Zilinipata kuliko Busutamu yote. Kwa nini? Nimefikiri sana. Nadhani ni kwa sababu ndani ya barua mtu hawezi kumwambia ndugu yake "katika nchi fulani". Ndugu anajua nyumba iko wapi, anawajua waliomo ndani. Anayeandika na anayesoma wote wawili wanapaona mahali pale pale, na mmoja wao hayupo. Hapo ndipo hamu inapozaliwa. Mimi nilikuwa namtafuta mwandishi wa Tanga kwenye riwaya zake, na alikuwa amejificha kwenye bahasha.

Ushahidi wangu ukaanza kuvuja.

Kitabu kilichonimaliza kabisa ni Peponi. Hiki ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, iliyotoka Uingereza mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis imechapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Yaani kitabu cha pwani yetu kilizunguka miaka 28 kabla ya kufika nyumbani. Niliazimwa kwa siku nne, na mwenye nacho alikuwa anapiga simu kila jioni.

Kwa ambao hawajakipata: Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na mbili. Baba yake ana hoteli ndogo isiyoingiza kitu katika mji wa Kawa, mji uliochangamka Wajerumani walipokuwa wakijenga reli, kisha ukapoa. Mwanzoni kabisa mtoto anasimama stesheni akiwatazama Wazungu wawili. Mimi niliposoma pale niliweka kitabu chini. Jamani, mimi nimekulia kando ya reli hiyo! Sisemi Kawa ni Pongwe; Gurnah hakusema hivyo na mimi sitamlisha maneno. Ila Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka 1896 ikawa imefika Muheza, maana yake walipita hapa kwetu katikati, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Ule ubwege wa mtoto kusimama stesheni bila shughuli yoyote, akitazama vitu vinavyokwenda mahali pengine, mimi naujua mwilini. Sikuwahi kudhani kwamba unafaa kuandikwa kitabuni.

Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye yeye anamjua kama ami yake. Kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba. Huko anakopelekwa anamkuta kijana mkubwa kidogo, Khalil, muuza duka, naye yuko rehani vile vile. Khalil ndiye anayemkataza kumwita Aziz ami, anamwambia amwite Seyyid, kwa sababu yule si ndugu yake. Wanalala barazani nje ya duka. Usiku mbwa wanazunguka. Khalil anamcheka, anamtukana, anamfundisha hesabu za duka na maneno ya Kiarabu. Kwa maoni yangu urafiki huu ndio moyo wa kitabu, kuliko hata ile safari kubwa ya bara ambayo wahakiki wanaisifia. (Safari ni ndefu, na kuna mahali nilisinzia, nakiri.) Hawa wawili hawasemi hata siku moja kwamba wanapendana. Mmoja anamwambia mwenzake ukweli mchungu usiku, halafu asubuhi wanafungua duka. Nilimkumbuka mtu wa penseli.

Na ndani ya nyumba ya tajiri kuna bustani. Imezungushiwa ukuta, ina dimbwi katikati na mifereji ya maji inayotoka pande nne, ina michungwa na mikomamanga. Yusuf anaipenda bustani ile kwa namna ambayo inatia uchungu kusoma, maana si yake, wala hana ruhusa ya kuingia kila atakapo. Anayeitunza ni Mzee Hamdani, mtumwa wa zamani asiye na maneno mengi. Mzee huyu aliwahi kuambiwa awe huru, akakataa, kwa hoja kwamba uhuru si kitu cha mtu fulani kumpa mwenziwe. Sasa hii ndiyo tofauti na Busutamu. Utubora anafurahia bustani, na furaha yake haiulizi swali. Furaha ya Yusuf imeshikwa koo. Kila ua linanukia na kila ua lina mwenyewe. Ukisoma unafurahi na unahisi vibaya kufurahi.

Tena, na hapa hoja yangu yote ya mwanzo ilianguka chali, Gurnah naye hautaji kwa jina mji wa yule tajiri! Bahari ipo, duka lipo, lakini anwani haipo. Na bado napaona. Naweza kukuchorea ile baraza. Kumbe rafiki yangu alipouliza "mbona Pongwe haimo" hakuwa anadai nitaje jina. Swali lake la pili ndilo lililokuwa swali: ananusa nini akiamka?

Basi nitajibu. Mtu wa Pongwe akiamka ananusa mambo mawili, inategemea upepo. Huku kwetu kuna mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji kipo tangu mwaka 1980, kwa hiyo kuna siku asubuhi ulimi una ladha ya unga wa jiwe. Siku nyingine ni mkonge: ukishapita singa inapotolewa, makapi yanachacha, harufu yake mgeni anaziba pua na sisi tunajua tumefika nyumbani. Bahari haipo. Watu wakisikia "Tanga" wanafikiri wote tunaamkia ufukweni tunakula samaki wa kukaanga. Pongwe iko kwenye barabara ya Muheza, zaidi ya kilomita 10 ndani, na bahari kwetu ni kitu cha kutamani: unapanda daladala au unakanyaga baiskeli, unaikuta, unakaa, unarudi umechoka. Upande wa pili, siku ambayo hakuna wingu, unaiona milima ya Usambara imelala buluu. Sisi tumekaa katikati ya vitu viwili tunavyoviona au kuvisikia na tusivyokuwa navyo.

Na mkonge wenyewe si wetu. Mbegu yake ililetwa na Mjerumani, Dokta Richard Hindorf, mwaka 1893, mwaka ule ule wa reli. Miche mingi ilikufia njiani, ikapona 62. Babu yangu alikuja baadaye sana kama manamba kutoka Njombe, akiwa na namba yake na shoka la kukatia kuni, akidhani atakaa miezi kadhaa. Amezikwa hapa. Mimi Njombe sijawahi kufika, lakini nyumbani kwetu mvua ikinyesha mfululizo bibi alikuwa akisema, "Kama kule." Sisi watoto hatukuuliza kule ni wapi. Nilipomsoma Mzee Hamdani akimwagilia bustani ya mtu mwingine kila siku, nilimwona babu kwenye mistari ile mirefu ya mkonge, iliyonyooka kama daftari, mizuri kweli kweli jioni jua likiwa chini, na mche hata mmoja haukuwa wake. Uzuri ule tuliucheza utotoni. Tulikimbizana humo mpaka miiba ikatuchana mapaja. Sijui niuandike vipi bila kumsahau aliyeukata, na sijui nimwandike vipi aliyeukata bila kuonyesha kwamba ulikuwa mzuri. Nimetafuta riwaya ya Kiswahili iliyofanya mambo yote mawili kuhusu mkonge, mpaka leo sijakutana nayo. Ukiijua niazime, nitapiga jalada.

Haya, Sinza nimeifuta. Si yote, yule tajiri nimembakisha, ila sasa ni msimamizi mwenye pikipiki. Nimeanza upya na vijana wawili wanaokaa juu ya reli usiku wa msimu wa maembe, chini ya mwembe ulio karibu na kivuko, mmoja anamsomea mwenzake barua kwa mwanga wa tochi. Hakuna bastola. Nilipiga picha kurasa hizo kwa simu, zilikuwa 11, nikamtumia rafiki yangu huko Dar bila maneno yoyote, hata salamu.

Alikaa siku sita. Siku ya saba akapiga usiku, nyuma yake nasikia makelele ya bodaboda na muziki. Hakusema kama ni nzuri. Alisema, "We bwana, umekosea. Ule haukuwa mwembe, ulikuwa mkorosho. Tulikuwa tunachoma korosho pale, ukaungua kidole." Nikamwambia ni mwembe. Akasema mkorosho. Tulibishana mpaka salio lake likakatika.

Jumapili nilikwenda kutazama. Umeshakatwa, kimebaki kisiki kimeota uyoga. Nikawaamkia wazee wawili waliokaa karibu pale, nikawauliza ulikuwa mti gani, na kila mmoja akanipa jibu lake. Kwenye mswada nimeuacha mwembe, kwa sasa.